Wachina, sindano na msiba wa mama

Wiki nzima nimeshinda maktaba na vitabu vya historia ya China, basi ngoja niwamegee kidogo.

Ukitaja mavazi ya kale ya Kichina wengi tunawaza hariri na madragoni ya dhahabu. Mi nimenaswa na kitu kidogo tu: mshono. Kuna vazi linaitwa shenyi, juu na chini vinakatwa mbalimbali halafu vinaunganishwa kiunoni. Kitabu chao cha kale cha adabu, Liji, kinatoa maana ya kila sehemu. Vipande 12 ni miezi 12 ya mwaka. Mikono ni mviringo kama imechorwa kwa bikari, kola ina pembe kama skwea ya seremala, na mshono wa mgongoni unashuka wima mpaka kwenye kifundo cha mguu, yaani mvaaji awe mnyoofu. Fundi akipindisha hapo keshakuharibia tabia!

Ila kilichoninyima usingizi ni nguo za msiba. Zilikuwa na madaraja 5. La juu kabisa ni zhancui: kitambaa kikwaruzo cha katani ya Kichina (mmea jamii ya bangi, msicheke), kimekatwa kikaachwa hivyo hivyo, pindo halikushonwa. Aliyefiwa hivyo hana muda wa kujipamba. Mtoto wa kiume aliivaa akifa baba, miaka 3, ambayo kwa hesabu yao ilikuja kuwa miezi 27.

Akifa mama je? Qicui, daraja la pili. Katani vile vile, ila pindo limekunjwa na kushonwa. Na kama baba bado yu hai, mwaka mmoja basi! Yaani ukikutana na kijana ana pindo lililoshonwa, unajua aliyekufa si baba yake.

Mwaka 674 Wu Zetian, wakati huo mke wa mfalme Gaozong, akapeleka ombi kwamba mama naye aombolezwe miaka 3 hata kama baba yu hai. Hoja yake ilikuwa malezi, nani kamlea huyo mtoto? Mfalme akakubali. Lakini ni muda tu ulioongezwa, pindo la mama likabaki la kushonwa.

Lilikuja kufumuliwa 1374. Hongwu, mfalme wa kwanza wa Ming, alifiwa na suria wake Sun, wataalamu wa ibada wakamletea zile sheria za zamani, akawaka. Akaamuru baba na mama wote ni zhancui. Hesabuni wenyewe: miaka 700 kamili tangu ombi la Wu.

Jamaa mmoja kwenye semina kasema ilikuwa siasa tu, mfalme anataka kuonyesha nani mkubwa. Inawezekana. Ila Hongwu alifiwa na baba na mama mwaka mmoja, 1344, kwa njaa na tauni, akiwa kijana fukara kabisa. Mi siamini kwamba alikuwa amesahau. Tumebishana mpaka kantini, na wali umeisha tukiwa bado kwenye foleni.