Vitabu Vilivyomfuata Mkulima

Mwaka 1973 yalitokea Tanzania mambo mawili ambayo ni nadra kusimuliwa pamoja. La kwanza lilipita redioni. Kwa muda wa wiki 12, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wanavijiji wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujisomea. Walisikiliza kipindi, wakafungua kijitabu, kisha wakajadiliana kuhusu vyoo, malaria na maji ya kunywa. La pili lilitokea porini, katika miombo ya Mpanda, kando ya reli itokayo Kaliua. Huko msitu ulikuwa unafyekwa kupisha makazi mapya ya wakimbizi wa Burundi. Makazi hayo ni Katumba.

Reli yenyewe haikujengwa kwa ajili ya abiria. Iliwekwa ili kubeba madini ya risasi kutoka mgodi wa Mukwamba, na ilikamilika mwaka 1950. Miaka kumi baadaye mgodi ulifungwa, reli ikabaki. Kwa hiyo serikali ilipotafuta eneo kubwa lenye watu wachache, mbali na mpaka lakini linalofikika, Mpanda ilikuwa na kitu ambacho mapori mengi ya magharibi hayakuwa nacho: stesheni.

Waliopelekwa huko walikuwa wamekimbia mauaji ya mwaka 1972. Katika mauaji hayo waliosakwa zaidi ni Wahutu waliosoma: wanafunzi wa sekondari na chuo kikuu, walimu, makarani, wahubiri. Hili halipaswi kupitwa haraka katika historia ya usomaji wa Katumba. Kwa familia nyingi zilizofika pale, kalamu na daftari vilikuwa vimegeuka kuwa sababu ya mtu kuuawa. Hata hivyo watoto wao waliandikishwa shule tena, safari hii kwa Kiswahili na kwa mtaala wa Tanzania.

Makazi ya zamani ya wakimbizi wa 1972 ni matatu: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba, na Mishamo iliyofunguliwa mwaka 1978. Yalijengwa kwa ushirikiano wa serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na shirika la Kilutheri la TCRS. Mpango wake ulifanana na wa vijiji vya ujamaa vilivyokuwa vikianzishwa nchi nzima miaka hiyohiyo: mashamba yaliyopimwa, barabara, shule, zahanati. Tofauti kubwa ilikuwa moja. Mkazi wa kijiji cha kawaida aliweza kufunga safari siku yoyote aliyotaka, wakati mkimbizi alipaswa kuomba kibali cha mkuu wa makazi kabla ya kutoka. Kitabu kilichokaa kwenye rafu za mjini kilikuwa mbali naye mara mbili, kwa umbali na kwa sheria.

Ndiyo maana swali la maktaba, likiulizwa Katumba, linakuwa wazi kuliko linapoulizwa Dar es Salaam. Msomaji asipoweza kukifuata kitabu, nani atakipeleka kwake?

Wazo la kukipeleka lilikuwepo tangu enzi ya ukoloni. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948 chini ya Charles Richards na kuwa na makao yake Nairobi, lilichapa vitabu na pia kuviazimisha. Lilisambaza masanduku ya vitabu kwenye shule na vituo vya jamii, na kwa msomaji aliyeishi mbali lilikuwa na huduma ya kuazima kwa posta. Mwaka 1960 mkutubi wake, Sydney Hockey, aliandika taarifa iliyopendekeza kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na mfumo wa taifa wa maktaba za umma, badala ya kutegemea vimaktaba vya hapa na pale vilivyowahudumia Wazungu na wachache wa mijini.

Tanganyika ilitunga sheria yake mwaka 1963, na Huduma za Maktaba zikaanza kazi mwaka uliofuata chini ya mkurugenzi E. M. Broome. Tarehe 9 Desemba 1967, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam. Jengo hilo lingali linatumika hadi leo kando ya barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1970 uongozi ulishikwa na Ezekiel Kaungamno, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa sauti kuu ya maktaba nchini. Sheria mpya ya mwaka 1975 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba tuliyonayo sasa. Maktaba za mikoa ziliongezeka polepole, na Rukwa, ambao wakati huo ulijumuisha Mpanda, ulipata yake Sumbawanga, makao makuu ya mkoa.

Hiyo ndiyo historia rasmi, na ni ya kujivunia. Lakini kwa mkulima, kazi kubwa zaidi ilifanyika kwingine, chini ya idara ya elimu ya watu wazima.

Mwaka 1967, asilimia 67 ya watu wazima Tanzania walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Nyerere alitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya ngumbaru yakafunguliwa chini ya miembe, kwenye majengo ya shule saa za jioni, hata kwenye vibaraza vya ofisi za chama. Majaribio ya kisomo chenye manufaa yaliyoanza mwaka 1968 kanda ya Ziwa, kwa msaada wa UNESCO, yalionyesha haraka tatizo ambalo wapangaji hawakulipa uzito. Mtu alijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, uvuvi au migomba, akafaulu mtihani, kisha akakosa cha kusoma. Baada ya miaka michache herufi zilianza kumponyoka.

Maktaba za vijijini zilizaliwa kutokana na hitaji hilo. Hazikuwa na majengo ya fahari. Vitabu viliwekwa kwenye darasa, ofisi ya kijiji, zahanati, hata nyumbani kwa mtu aliyeaminika. Mkutubi alikuwa mwanakijiji, mara nyingi mwalimu wa ngumbaru, aliyelipwa posho ndogo. Alikuwa na daftari la kuazimia, siku zake za kufungua, na kabati ikiwezekana. Kufikia miaka ya 1980 maktaba hizo zilikuwa zaidi ya 2,000. Hakuna mtandao wa maktaba uliowahi kuwa karibu na mkulima wa Tanzania kiasi hicho, si kabla wala baadaye.

Nazo hazikusimama peke yake. Yalikuwepo magazeti ya vijijini yaliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi na kwa herufi kubwa. La kanda ya Ziwa, lililoanza mwaka 1974, liliitwa Elimu Haina Mwisho. Zilikuwepo kampeni za redio: baada ya Mtu ni Afya, mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Vilikuwepo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa nchi za Skandinavia, kimojawapo kikiwa Msaginya, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Darasa, redio, gazeti, sanduku la vitabu na chuo vilitegemeana. Mwanamke aliyesikiliza kipindi cha lishe Jumanne angeweza kuazima kijitabu cha lishe siku ya kufungua maktaba, na neno lililomshinda akamuuliza mwalimu jioni. Yeyote anayedhani huduma ya maktaba ni rafu na ukimya tu ayatazame mafanikio ya miaka hiyo: kwa vipimo vya serikali, kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi asilimia 9.6.

Kisha vitabu vikakoma kuja.

Sababu zinajulikana. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikomba hazina, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikaadimika. Karatasi ilikosekana, na hata kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980, hakikuondoa njaa hiyo. Misaada ya Sweden, iliyokuwa imebeba sehemu kubwa ya magazeti na maktaba za vijijini, haikuweza kujaza pengo la bajeti. Posho za wakutubi zilichelewa, kisha zikakatika. Vitabu vilivyokuwepo vilisomwa hadi vikachanika, na havikuletwa vingine. Katika miaka ya 1990 maktaba nyingi zilibaki jina tu.

Ni muhimu kulitaja hili kwa usahihi, kwa sababu kuna maneno yaliyozoeleka kwamba Watanzania hawapendi kusoma. Maktaba za vijijini hazikufa kwa kukosa wasomaji. Zilikufa kwa kukosa mzigo wa pili wa vitabu, na wa tatu.

Katumba nayo ilikuwa inapita njia yake. UNHCR ilikabidhi makazi kwa serikali mwishoni mwa miaka ya 1970, pale wakazi walipokuwa tayari wanajilisha na kuuza ziada, na kilimo cha tumbaku kikashika mizizi. Makanisani watu walisoma Biblia ya Kirundi, shuleni watoto wakasoma Kiswahili, na kizazi kilichozaliwa pale kikakua na lugha mbili za kusomea.

Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 waliosajiliwa katika makazi matatu walikuwa takriban 218,000. Waliulizwa: kurudi Burundi au kuomba uraia? Karibu wanne kati ya watano waliomba uraia. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kuwakubali 162,156, lakini kwa sharti la kuhamia mikoa mingine. Mpango huo ulikwama na watu wakakaa njia panda kwa miaka, hadi Oktoba 2014 vyeti vilipoanza kutolewa na ikaruhusiwa wabaki walipo. Katika miaka hiyo yote maisha ya kila familia yaliamuliwa na karatasi: fomu, matangazo yaliyobandikwa ukutani, majina kwenye orodha, masharti ya sheria. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mahali ambapo chumba cha kusomea cha umma, chenye sheria za nchi kwenye rafu na mtu wa kusaidia kuzisoma, kingekuwa huduma ya lazima.

Majirani wameonyesha kwamba chumba kama hicho kinawezekana. Kitengesa, karibu na Masaka nchini Uganda, maktaba ya jamii ilianza mwaka 1999 kwa sanduku moja la vitabu katika shule ya sekondari, kwa juhudi za Kate Parry na mwanzilishi wa shule hiyo, Emmanuel Mawanda. Mwaka 2004 ilipata jengo, baadaye umeme wa jua uliowawezesha wanafunzi kusoma usiku. Wanafunzi kadhaa hufanya kazi ya maktaba na kulipiwa karo. Wanakijiji wasio wanafunzi nao huazima, jambo ambalo maktaba nyingi za shule hukataa. Huko Garissa, Kenya, huduma ya taifa ya maktaba ilianza kutumia ngamia mwaka 1996, kwa sababu wafugaji huhama na gari halifiki kila mahali. Na ndani ya Burundi, mwaka 2014, kambi za wakimbizi wa Kongo za Bwagiriza, Kavumu na Musasa zilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza duniani kupokea Ideas Box ya shirika la Libraries Without Borders. Ni masanduku yanayofunguka kuwa maktaba nzima, yenye vitabu, kompyuta, kamera na jukwaa la sinema. Linganisha na masanduku ya mwaka 1948: vifaa vimebadilika, kazi ni ileile.

Katavi ulipata hadhi ya mkoa mwaka 2012, na Katumba sasa iko chini ya Halmashauri ya Nsimbo. Sensa ya mwaka huohuo ilikuta kuwa takriban asilimia 78 tu ya Watanzania wazima wanajua kusoma na kuandika, yaani sehemu ya ushindi wa 1986 ilikuwa imepotea. Msaginya bado ni chuo cha wananchi. Vyuo vya aina yake vimekuwa vikiwapokea wasichana walioacha shule kwa ujauzito, pamoja na watoto wao, katika mpango unaoitwa, kama gazeti lile la mwaka 1974, Elimu Haina Mwisho. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yake, bila malipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliozaliwa mwaka 1991, ulinunua kwa miaka mingi sehemu kubwa ya chapa ya vitabu vya Kiswahili na kuvisambaza shuleni, na hivyo kuwapa wachapishaji soko ambalo maktaba za vijijini zilikuwa zimeacha kuwapa.

Vipande vipo, kama vilivyokuwepo mwaka 1973. Kinachohitajika katika kata ya Katumba si jengo la ghorofa bali darasa moja linaloachwa wazi baada ya vipindi, kabati lenye kufuli, simu au kompyuta chache za kupakulia vitabu, na mkutubi mwenye mshahara kwenye bajeti ya halmashauri badala ya posho ya mfadhili. Zaidi ya hayo linahitajika fungu la kununua vitabu kila mwaka, vya Kiswahili kwanza na vichache vya Kirundi kwa wazee, kwa sababu hapo ndipo mtandao wa zamani ulipovunjika. Bodi ya Huduma za Maktaba ina wataalamu wa kuzishauri halmashauri zinazoanzisha maktaba za wilaya, na chuo chake cha Bagamoyo kimekuwa kikifundisha wakutubi tangu mwaka 1989. Hatua ya kuandika barua ya kuomba msaada huo iko mikononi mwa madiwani.