Chekeche la Maneno: Nasaba na kinasaba

Kitomanga, kwenye kibaraza cha kahawa, nilimsikia mzee akipinga posa ya mjukuu wake: “Kwa kina bwana yule pana mtoto mwenye usonji, na wataalamu wamesema ni nasaba.” Hapana, babu, wamesema kinasaba. Nasaba tumeipata kwa Waarabu, nayo ni ukoo: fulani bin fulani mpaka kwa babu wa babu. Kinasaba kimechongwa humo humo, lakini ni kijisehemu cha maelekezo ndani ya seli. Wengine husema jeni, neno lililobuniwa na Wilhelm Johannsen wa Denmark mwaka 1909.

Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa walikihusisha kinasaba kiitwacho SHANK3 na usonji. Hitilafu yake mara nyingi huzuka upya kwa mtoto, baba na mama hawana. Ukoo unaingiaje hapo? Tena wamesema “kinahusishwa”, hawakusema “kinasababisha”. Kinasaba kinachochunguzwa ni mshukiwa tu, na vingi vilivyoshukiwa viliachiwa huru sampuli zilipoongezeka. Juzi nimesoma mahali mshukiwa wa namna hiyo akiitwa “kinasaba mgombea”. Kinagombea jimbo gani?