Sauti ya binadamu: kutoka Moog mpaka Engaresero

Wadau, leo siasa tuipumzishe. Nataka tuongelee sauti moja ya kinanda ambayo jina lake huenda hulijui, lakini masikio yako yanaijua.

Mwaka 1979 Mwingereza Gary Numan alitoa wimbo "Cars", ukashika namba moja kwao Uingereza. Ile sauti nyembamba, ya baridi, inayoelea juu ya ngoma, ilitoka kwenye kinanda cha Polymoog. Kilikuwa na sauti iliyopangwa tayari iitwayo Vox Humana, Kilatini cha "sauti ya binadamu". Jina hilo ni la zamani kuliko umeme. Vinanda vya mabomba vya makanisa ya Ulaya vilikuwa nalo kwa karne kadhaa, kwa safu ya mabomba ya kumwigiza mtu anayeimba. Bomba lilimwiga mtu, Moog ikalichukua jina, nasi leo tunaiiga Moog kwa kompyuta.

Kuijenga upya si uchawi. Chukua mawimbi mawili yenye umbo la meno ya msumeno. Moja lipandishe kidogo sana ili yasilingane kabisa. Hapo sauti inaanza kuwa hai. Ongeza mtetemo, punguza ukali wa juu kwa filta, malizia na mwangwi kidogo. Programu ya bure inatosha.

Mimi nilifanyia Engaresero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, nilipokwenda kuandika habari za nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zilizoganda kwenye majivu ya volkano. Vijana wawili wa Kimaasai walitaka biti ya wimbo wa kwao. Wimbo huo hauna ngoma: olaranyani anatangulia, wenzake wanamjibu kwa mngurumo wa koo. Wakaniomba niweke kinanda mahali pa olaranyani. Nikapiga Vox Humana. Mmoja akasikiliza weee, kisha akasema: "Kaka, huyu hapumui."

Kweli tupu. Wimbi la mashine linaendelea mradi kidole kiko juu ya kinanda. Olaranyani pumzi humwishia, na pale anapovuta nyingine ndipo wenzake wanapopata nafasi ya kuingia. Ukiondoa pumzi, umewafungia mlango wanaojibu.

Hailu Mergia wa Ethiopia, aliyekuwa Walias Band na kubaki Marekani baada ya ziara ya 1981, alilitatua suala hili mapema. Mwaka 1985 alirekodi kanda akitumia Moog, Yamaha DX7 na mashine ya ngoma, lakini aliyetangulia ni kodiani ya ujana wake, chombo chenye mivukuto, yaani chenye pumzi. Kanda hiyo ilitolewa upya mwaka 2013, na dunia ikamshangilia.

Basi tukafuata njia hiyo. Tulirekodi kwanza sauti ya olaranyani kwa simu, kinanda nikakiweka nyuma, pamoja na wanaojibu. Biti ikakaa sawa.

Hofu yangu ni moja. Vox Humana inaweza kujengwa upya miaka 100 ijayo kwa sababu vipimo vyake vipo. Olaranyani mzee akiondoka bila kurekodiwa, tutaiga nini? Kwenu nani ameshamrekodi babu yake akiimba?