Vipande vya RAM vyenye chipu za Samsung B-die

Soma kibandiko: 3200, kisha 14-14-14. Nambari tatu zinazolingana namna hiyo ndizo dalili ya B-die, maana chipu zenyewe zimefichwa chini ya bati la kupozea. Nje mara nyingi utaona jina la G.Skill, si la Samsung.

DDR4 ya kawaida hutumia volti 1.2. B-die hupewa 1.5 na isilalamike, kasi ikapanda huku muda wa kusubiri ukipungua. Wanaokimbiza kompyuta kupita mwendo wa kiwandani waliing'ang'ania, hasa Samsung ilipotangaza kuisitisha mwaka 2019. Enzi za DDR ya kwanza kipenzi chao kilikuwa Winbond BH-5 ya Taiwan, nayo ilipenda volti nyingi na ikasitishwa vilevile.

Adui wa B-die ni joto: ikikazwa mno, kwenye nyuzi 50 hivi huanza kukosea. Baridi ya usiku wa Eldoret inasaidia. Lakini huku juu, kwenye mita 2,100 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, na feni ileile huondoa joto pungufu. Afadhali kuongeza ya pili.