Kamiriithu na Mizani ya Sanaa ya Jamii

Kila mwaka wa fedha unapofungwa, miradi ya sanaa ya jamii hudaiwa takwimu: maonyesho mangapi, watazamaji wangapi, vijana wangapi wamefikiwa. Sipingi hesabu, fedha za umma sharti zitolewe maelezo. Ninachohoji ni mizani yenyewe, na historia yetu inayo kesi ya kuijaribia.

Katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, madarasa ya kisomo cha watu wazima yalianza mwaka 1976. Mwaka uliofuata, wakulima na wafanyakazi walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wakaujadili mswada wa Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, na kuisahihisha lugha yake hadharani. Mchezo ulizinduliwa Oktoba 1977. Novemba kibali kikafutwa. Mwaka ulipokwisha, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amekamatwa.

Hebu tuujaze mradi huo katika fomu za leo. Muda wa maonyesho: majuma machache. Uhusiano na serikali: umevunjika. Hukumu: mradi umeshindwa.

Lakini mwaka 1981 kundi la Kamiriithu lilirejea na mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra. Liliponyimwa Ukumbi wa Kitaifa, watu walifurika kuyatazama mazoezi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Machi 1982 kituo kikapigwa marufuku na askari wakaubomoa ukumbi wa kijiji. Kwa namna yake, serikali ilikuwa imefanya tathmini: jambo lisilo na matokeo halitumiwi askari.

Hata hivyo, hasira ya mtawala si kipimo tosha. Ushahidi mwingi tunaounukuu kuhusu mabadiliko ya kijiji umetoka katika vitabu vya Ngũgĩ mwenyewe, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sauti ya aliyejifunza kusoma ukubwani, au ya aliyepanda jukwaani kwa mara ya kwanza, tunaisikia kwa nadra.

Kwa hiyo, afisa anayeandaa fomu aongeze maswali matatu. Ni nani aliyeamua kisemwe nini? Ni ujuzi gani umebaki kwa watu? Ni nani waliorejea baada ya fedha au kibali kuondolewa? Majibu yatoke kwa wanajamii wenyewe. Walioigiza mwaka 1977 wanazidi kupungua. Wanafunzi wa historia, kinasa sauti na daftari vyatosha kuanzia.