Soda ya tangawizi, mkono wenye damu na ukoko wa baruti

Wadau, kama kawaida yetu majina tunayaweka pembeni. Jamaa wenyewe walishatangulia mbele ya haki zamani, ila stori yao bado ya moto.

Ni tarehe 26 Septemba 1874, kwenye uwanja wa shabaha wa Creedmoor, Long Island, New York. Jua linawaka, watu wamejaa kwa maelfu. Upande huu kuna Waireland sita, mabingwa ambao mwaka mmoja nyuma walizigaragaza timu za England na Scotland. Upande ule kuna Wamarekani sita ambao mambo ya masafa marefu kwao bado mapya. Kila mtu anapiga risasi 15 kutoka yadi 800, 15 kutoka 900 na 15 kutoka 1,000. Yadi 1,000 ni kama mita 914, yaani karibu viwanja tisa vya mpira ukivipanga kwa urefu.

Mtu akisikia hivyo anauliza nani alikuwa na jicho kali. Mimi nasema tuanze na baruti.

Baruti nyeusi ya enzi hizo ilikuwa mchanganyiko wa chumvi ya shura, mkaa na salfa. Ikiingia unyevu inawaka kivivu na risasi inatoka polepole. Kwa mita 20 huoni tofauti. Kwa mita 914, kasi ikipungua kidogo tu risasi inaangukia chini kabisa ya ulipolenga. Ndiyo maana wapigaji makini walipima baruti ya kila risasi kwa mizani na kuitunza kwenye makopo yenye vifuniko vya kubana.

Halafu kuna masizi. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki gesi. Sehemu inatoka kama moshi, sehemu inaganda ndani ya mtutu. Siku ya unyevunyevu masizi yanabaki laini. Siku ya jua kali na hewa kavu yanakauka na kushika kama ukoko wa ubwabwa. Risasi inayofuata ikipita juu ya ukoko huo, usitegemee iende unapotaka.

Sasa ona. Waireland walikuja na magobore, tena yale ya kifahari ya kupakia kwa mdomo wa mtutu. Risasi ikisukumwa ndani inakwangua masizi njiani. Wamarekani walikuwa na bunduki za kupakia kwa nyuma, za Remington na Sharps. Wengi Uingereza waliamini bunduki za aina hiyo haziwezi kushindana kwa mbali, sababu mojawapo ikiwa ni hayo masizi. Lakini ukifungua nyuma unaweza kuchungulia mtutu wote na kupitisha kitambaa. Wapigaji wa zama hizo walikuwa na ujanja mwingine pia: kupuliza pumzi ndani ya mtutu ili mvuke wa mdomo ulainishe ukoko. Ndiyo, mvuke ule ule unaofutia kioo cha simu yako.

Matokeo? Yadi 800, Marekani 326, Ireland 317. Yadi 900, Ireland wakaongoza 312 kwa 310. Yadi 1,000 wakaongoza tena, 302 kwa 298. Ukijumlisha: Marekani 934, Ireland 931. Pointi tatu tu, baada ya risasi 270 kila upande!

Na bado kulikuwa na sinema. Mmoja wa Waireland alipiga katikati kabisa, ila shabaha haikuwa yake. Akapewa sifuri. Zile pointi nne zingewapa 935 na ubingwa. Mwishoni Ireland walikuwa mbele kwa pointi moja, imebaki risasi moja ya Mmarekani mtu mzima. Kwa joto lile akaletewa chupa ya soda ya tangawizi. Ikampasukia mkononi, damu ikachuruzika. Jamaa akafunga leso, akalala chini, akapiga katikati.

Kwa hiyo gobore halikuaibika siku ile. Kilichokufa ni ile imani kwamba bunduki ya kupakia nyuma haina lolote kwa mbali. Inaweza, mradi mwenyewe auhudumie mtutu wake.

Mwaka 1884 Mfaransa mmoja akatengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi, na ukoko ukapungua sana. Hali ya hewa haikuondoka lakini. Baruti hii ikipata joto inawaka haraka zaidi, presha inapanda na risasi inapiga juu. Ndiyo maana mpiga shabaha wa leo haachi risasi juani, wala haiachi ndani ya mtutu wa moto huku akisubiri upepo utulie. Usidhani pia dawa ni kile kipakiti cha punje cha kwenye boksi la raba mpya. Baruti ikikaushwa kupita kiasi nayo inawaka haraka kuliko ilivyokusudiwa. Inatakiwa ikae kwenye chombo chake, kimefungwa vizuri, mahali pa baridi pasipobadilika badilika.

Haya, uwanja wenu. Yule jamaa aliyepiga shabaha ya jirani, mngemsamehe au mngemwacha arudi kwao kwa kuogelea?