Alama Moja na Nusu za Makerere

Tuvuke mpaka hadi Kampala. Makerere ilianzishwa mwaka 1922, lakini wanawake wa kwanza, sita tu, walipokewa mwaka 1945. Kaulimbiu ya awali ilikuwa “Tuwe wanaume”, ikabidi ibadilishwe! Mwaka 1990 uliwekwa utaratibu wa kumwongezea alama 1.5 kila msichana aliyefaulu kidato cha sita na kuomba nafasi chuoni. Idadi yao ilipanda. Wapo walionung’unika kuwa huo ni upendeleo. Kwangu, swali zito zaidi ni jingine: wengi walionufaika walitoka shule bora na familia zenye uwezo, ilhali binti wa Karamoja aliyeacha masomo mapema hakuufikia hata mtihani wa kuongezewa alama hizo.